Fedha Isitangulie Ukuta

Imezuka katika miji yetu biashara ya nyumba ambazo bado hazijajengwa. Mwananchi huitwa ofisini, akaonyeshwa picha za rangi za ghorofa zuri lenye bustani mbele na maegesho ya magari nyuma, akaelezwa idadi ya vyumba na ukubwa wa jiko, kisha akatakiwa alipe kianzio ili aandikiwe fleti yake kabla wenzake hawajamtangulia. Akiuliza nyumba yenyewe iko wapi, hujibiwa kwamba iko kwenye ramani. Wanunuzi wanaotafutwa sana na biashara hii ni watumishi wa umma na walimu, kwa sababu iliyo wazi: mshahara wao unajulikana, unatoka kila mwezi, na unaweza kukatwa kabla haujawafikia mkononi.

Makala haya hayakusudii kuilaani biashara hiyo. Kununua nyumba ingali kwenye ramani si dhambi wala si ujinga. Kwa muuzaji, ni njia ya kupata fedha za kujengea bila ya kubeba mzigo wote wa riba ya benki. Kwa mnunuzi, ni nafasi ya kupata nyumba kwa bei nafuu kuliko ile atakayotakiwa jengo likishakamilika, na ya kulipa kwa awamu badala ya mkupuo. Pande zote mbili zaweza kufaidika. Lakini ni lazima tuulize swali ambalo matangazo hayaulizi: katika kipindi kile ambacho fedha zimekwisha kutoka na nyumba haijapatikana, hasara ikitokea itamwangukia nani? Kama jibu ni kwamba itamwangukia mwalimu peke yake, basi hiyo si biashara ya haki.

Ili tulielewe jambo hili, yafaa tukumbuke tulikotoka. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, mara tu baada ya Uhuru, na kazi yake kubwa ya mwanzo ilikuwa kuondoa vibanda vibovu mijini na kujenga nyumba ambazo watu wa kipato kidogo wangeweza kuzimudu. Mwaka 1971 likaja zoezi la kutwaa majumba ya kupangisha, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Na mwaka 1990 kazi za Msajili zikaunganishwa na za Shirika. Mwaka 1973 Benki ya Nyumba ilianza kazi ili wananchi wapate mikopo ya kujengea. Benki hiyo ilianguka mwaka 1995. Kwa zaidi ya miaka kumi baada ya hapo, mfanyakazi wa kawaida aliyetaka mkopo wa muda mrefu wa nyumba hakuwa na mlango wa kubisha. Mlango ulianza kufunguka tena mwaka 2008, ilipopitishwa sheria maalumu juu ya mikopo ya rehani za nyumba, pamoja na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, ambayo kwayo mtu mmoja anaweza kumiliki fleti moja ndani ya ghorofa na kupata hati yake, huku ngazi, paa na uwanja vikiwa mali ya wote. Zanzibar nayo ilipata sheria yake ya aina hiyo mwaka 2010. Bila ya sheria hizo, mauzo ya fleti za kwenye ramani yasingeweza kushamiri.

Basi katika miaka ile ambayo mikopo haikuwepo, wafanyakazi wetu walijengaje? Kila msomaji anajua. Mtumishi alitafuta kiwanja kwanza. Mwaka wa kwanza alichimba msingi. Mwaka wa pili alifyatua tofali, akazipanga chini ya mwembe na kuzifunika kwa makuti. Mwaka wa tatu alipandisha kuta hadi kwenye linta, fedha zikaisha, akasimama. Alipopata malimbikizo ya mshahara alipaua. Alihamia nyumba ikiwa haina lipu wala dari, akaendelea kuimalizia akiwa ndani. Njia hiyo ni ndefu na ina taabu nyingi. Wapo waliostaafu kabla hawajaweka madirisha. Lakini ilikuwa na kinga moja kubwa ambayo hatukuithamini: fedha haikupata kutangulia ukuta. Kila shilingi iliyotoka ilionekana imesimama pale kiwanjani. Fundi akikimbia, alikimbia na ujira wa wiki moja. Msingi ulibaki, tofali zilibaki, na kiwanja kilibaki kuwa cha mwenyewe.

Nyumba ya kwenye ramani huigeuza kanuni hiyo juu chini. Fedha hutangulia, ukuta hufuata. Kiwanja si cha mnunuzi, bali ni cha muuzaji. Na mara nyingi muuzaji amekwisha kukiweka rehani benki ili apate mkopo wa kujengea. Mnunuzi anayo karatasi tu inayosema atapewa nyumba siku fulani. Kwa maneno mengine, kabla ya kukabidhiwa ufunguo yeye si mwenye nyumba, ni mkopeshaji. Amemkopesha mjenzi fedha zake ili mjenzi apate kujenga. Ajabu ni kwamba benki inapomkopesha mjenzi huyo huyo, hudai rehani, hudai bima, hutuma wakaguzi, na hutoa fedha kidogo kidogo kwa kadiri jengo linavyopanda. Mwalimu anayekopesha huombwa atie sahihi na kusubiri.

Tofauti hiyo huonekana waziwazi siku kampuni inapofilisika. Mfilisi anapogawa mali iliyobaki, wadai wenye rehani hulipwa kwanza kutokana na ile ardhi na lile jengo. Wale wenye mkataba mtupu usioandikishwa popote husubiri makombo pamoja na wauza saruji na wauza nondo. Mwananchi aliyedhani amenunua nyumba hugundua kwamba jina lake limo katika orodha ya wadai wasio na dhamana.

Mambo haya si ya kubuni. Kule China, ambako kwa miaka mingi nyumba nyingi za mijini ziliuzwa kabla ya kukamilika, kampuni kubwa ya Evergrande ilishindwa kulipa madeni yake mwaka 2021. Katikati ya mwaka 2022 wanunuzi katika miji mingi walitangaza kwamba wangeacha kulipa mikopo ya benki kwa nyumba ambazo ujenzi wake ulikuwa umesimama. Walikuwa wakikatwa kila mwezi kwa ajili ya maghorofa yasiyo na madirisha, huku wakilipa kodi ya pango mahali pengine. Januari 2024 mahakama ya Hong Kong iliamuru kampuni hiyo ifilisiwe. Ikiwa jambo kama hilo laweza kutokea kwa kampuni iliyokuwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani katika kazi yake, tusidhani kwamba ukubwa wa ofisi ya muuzaji ni dhamana.

Na hapa kwetu, si kampuni binafsi tu zinazokwama. Maghorofa ya mradi wa Dege huko Kigamboni, ambao Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii ulishiriki, yalisimama bila kukamilika mwaka 2016, na kwa miaka mingi yakabaki magofu mapya yanayotazama bahari. Mradi wa Morocco Square wa Shirika la Nyumba la Taifa, jijini Dar es Salaam, nao ulikwama kwa miaka kadhaa kabla ya kazi kuanza tena mwaka 2021. Hatusemi hayo ili kuwalaumu watu. Ujenzi mkubwa huweza kukwama kwa sababu nyingi: mkopo uliokosekana, kibali kilichochelewa, bei ya vifaa iliyopanda, uongozi uliobadilika. Tunalosema ni kwamba kukwama ni jambo la kawaida katika kazi hii. Na jambo la kawaida hapana budi liandaliwe mapema, lisichukuliwe kama ajali ambayo hakuna aliyeitazamia.

Tuchukue mfano wa hesabu ili uzito wake uonekane. Tuseme mwalimu ananunua fleti ya shilingi milioni 80. Analipa kianzio cha asilimia 20, yaani milioni 16, kutoka katika akiba yake, kisha anachukua mkopo wa milioni 30 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka ili alipe awamu zinazofuata. Aliahidiwa nyumba baada ya mwaka mmoja na nusu, lakini inachelewa miaka miwili zaidi. Katika miaka hiyo miwili ya ziada, akiwa anapanga kwa shilingi 250,000 kwa mwezi, atakuwa amelipa pango la milioni 6. Riba ya mkopo wake, hata kama tutaihesabu kwa njia nyepesi kabisa bila ya kupungua kwa deni, ni milioni nne na nusu kwa mwaka, yaani milioni 9. Jumla ni milioni 15. Kucheleweshwa peke yake kumekula karibu sawa na kianzio chote, na nyumba bado haijaonekana. Sasa usome mkataba wake: mara nyingi utakuta kwamba mnunuzi akichelewesha awamu moja hutozwa faini au hunyang'anywa nafasi yake, lakini muuzaji akichelewesha nyumba nzima husamehewa kwa sababu zisizozuilika. Mkataba wa namna hiyo hauna mizani.

Nchi nyingine zimelitatua tatizo hili, na njia waliyoitumia haina uchawi. Singapore imepanga kwa kanuni ni kiasi gani kilipwe jengo likifika hatua gani. Mnunuzi wa nyumba ya kwenye ramani hulipa asilimia 20 hadi wakati wa kutia sahihi mkataba. Kisha asilimia 10 msingi ukikamilika. 10 nyingine fremu ya zege ikisimama. 5 kwa kuta za ndani, 5 kwa dari na paa, 5 kwa milango, madirisha, nyaya na mabomba, na 5 kwa maegesho, barabara na mifereji. Asilimia 25 hulipwa jengo linaporuhusiwa kukaliwa na watu, na 15 za mwisho hubaki hadi taratibu zote za kisheria zimalizike. Tazama hesabu hiyo vizuri: asilimia 40 nzima haitoki mpaka nyumba iweze kulalwa. Hiyo ni kanuni ile ile ya babu zetu wa kufyatua tofali, imeandikwa tu kwa lugha ya sheria.

Dubai, ambako ndugu zetu wengi wa pwani wanaishi na kufanya kazi, ilijifunza kwa taabu. Mwaka 2007 ilitunga sheria inayomlazimu mwenye kuuza nyumba za kwenye ramani afungue akaunti ya amana kwa kila mradi. Fedha za wanunuzi huingia humo na hutumika kwa ujenzi wa mradi huo tu; wadai wengine wa kampuni hawaruhusiwi kuzikamata; na hata jengo likikamilika, asilimia 5 huzuiwa kwa mwaka mmoja ili kasoro zitakazojitokeza zirekebishwe. Lakini sheria hiyo ilikuja wakati mauzo mengi yamekwisha kufanyika. Msukosuko wa fedha duniani ulipotokea mwaka 2008, bei ziliporomoka na miradi mingi ikafutwa, na wanunuzi wengi wakabaki na karatasi. Funzo ni kwamba boma hujengwa kabla simba hajaingia zizini.

Watakuwepo watakaopinga. Watasema kwamba muuzaji akizuiwa kutumia fedha za wanunuzi apendavyo, atalazimika kukopa zaidi, na nyumba zitapanda bei. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na haifai kupuuzwa. Lakini tuitazame kwa undani. Bei ya chini inayopatikana kwa sababu mnunuzi amebeba hatari yote si unafuu. Ni gharama iliyofichwa. Mwenye bahati haioni, na asiye na bahati huilipa yeye na ya wenzake. Ni afadhali wote wapandishiwe kidogo na wote walale salama, kuliko mmoja aangamie ili wengine wapunguziwe. Zaidi ya hayo, kampuni ambayo haiwezi kujenga jengo la pili bila ya kuchota fedha za wanunuzi wa jengo la kwanza haijengi nyumba, inaziba tundu kwa kutoboa tundu.

Wengine watasema kwamba mnunuzi ni mtu mzima, na asome mkataba mwenyewe. Ni kweli, kusoma ni wajibu wake. Lakini mkataba umeandikwa na wanasheria wa upande mmoja, na mara nyingi kwa Kiingereza cha mahakamani, nao hauruhusu kubadilishwa hata nukta. Kumwambia mwalimu wa shule ya msingi kwamba alikuwa huru kukataa, hali hakuwa na nyumba nyingine ya kuchagua, ni kumdhihaki. Mkataba wa kununua nyumba uwe katika lugha ambayo mnunuzi anaijua, na hapa kwetu lugha hiyo ni Kiswahili.

Hata hivyo, mnunuzi asingoje kuokolewa. Yapo mambo ambayo mfanyakazi aweza kuyafanya leo, na hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, kabla ya kulipa hata senti, afanye upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati ajue ardhi ni ya nani, hati ni ya miaka mingapi, na kama kuna rehani juu yake. Ikiwa rehani ipo, adai barua ya benki inayokubali kumwachilia fleti yake atakapomaliza kulipa. Pili, ahakikishe kwamba makubaliano yote yamo katika maandishi, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haitambui mkataba wa mdomo wa kuuziana haki ya ardhi. Ahadi ya bustani na lifti iliyotolewa ofisini na kijana mwenye tai, isipoandikwa, imekwenda na upepo. Tatu, akishatia sahihi, amwulize wakili wake juu ya kuweka zuio katika daftari la Msajili, ili ardhi ile isiuzwe au kuwekwa rehani kwa siri nyuma yake. Nne, akatae malipo yanayofuata kalenda na adai yanayofuata ujenzi, yakithibitishwa na mhandisi au mkadiriaji majenzi ambaye si mtumishi wa muuzaji. Tano, mkataba utaje tarehe ya kukabidhi, fidia ya kuchelewa, na haki ya kurudishiwa fedha pamoja na riba ikiwa kuchelewa kutapita kiasi. Na useme wazi kama bei imejumlisha kodi ya ongezeko la thamani au la.

Halafu akaangalie jengo. Kila mahali pa ujenzi panapaswa kuwa na bango linalotaja mwenye mradi, mbunifu, mhandisi na mkandarasi, na bodi zinazosajili wataalamu hao zinaweza kuulizwa. Hili si jambo la kupendezesha macho. Tarehe 29 Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Anayenunua nyumba iliyokwisha aweza angalau kugonga ukuta na kutazama nyufa. Anayenunua ya kwenye ramani ananunua zege ambalo halijakorogwa, na hana budi kujua ni nani atakayelikoroga.

Wafanyakazi wana nguvu nyingine ambayo hawaitumii, nayo ni umoja. Wanunuzi mia mbili wa jengo moja, kila mmoja akienda ofisini peke yake kulalamika, huwa walalamikaji mia mbili wanaosubiri kwenye benchi. Wakikusanyika mapema, wakachagua kamati, wakaajiri wakili mmoja na mhandisi mmoja kwa kuchangiana, huwa nguvu ambayo muuzaji hawezi kuifungia mlango. Hata hivyo sheria ya mwaka 2008 inawataka wenye fleti wawe na chama chao baada ya kuhamia. Ya nini kungoja kuhamia? Vyama vya wafanyakazi na vyama vya akiba na mikopo, ambavyo vina uzoefu wa kusimamia fedha za wanachama, vingeweza kuifanya kazi hiyo vizuri.

Jukumu lililo kubwa zaidi ni la vyombo vya umma vinavyojenga na kuuza nyumba. Hivyo ndivyo vinavyopaswa kuonyesha njia. Shirika la umma halihitaji kusukumwa na sheria ndipo liweke fedha za wanunuzi katika akaunti ya peke yake, litangaze kila robo mwaka jengo limefikia hatua gani, na lijifunge kulipa fidia likichelewa. Likifanya hivyo kwa hiari, kampuni binafsi zitalazimika kufuata, maana hakuna mnunuzi atakayekubali kwingine masharti mabaya kuliko aliyoyapata kwa Shirika. Lisipofanya hivyo, litakuwa limewapa walanguzi wa nyumba kisingizio cha daraja la kwanza.

Nyumba kwa mfanyakazi si bidhaa kama nyingine. Gari likiharibika ataliuza chuma chakavu. Redio ikifa atanunua nyingine. Nyumba hununuliwa mara moja katika maisha, mara nyingi kwa kiinua mgongo ambacho hakina ndugu wa kukifuata. Mwalimu wa miaka 58 aliyepoteza fedha hizo hana miaka mingine thelathini ya kuzitafuta tena. Kwa hiyo kanuni iwe moja, kwa Serikali, kwa mashirika na kwa kampuni: msingi ukionekana, fedha ya msingi ilipwe, paa likionekana, fedha ya paa ilipwe, na mpaka ufunguo uwe mkononi, sehemu iliyo kubwa ya fedha ikae mahali ambapo mikono ya muuzaji haifiki.